Soli ya Kiatu cha Kulia

Fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, alikuwa na mazoea ya kukipindua kiatu kabla hajamsalimu mwenye nacho. Asubuhi hiyo alikipindua kiatu cha shule cha binti yake, akakikagua. Ncha ya soli ilikuwa imelika hadi kitambaa, ilhali kisigino kilikuwa kizima kama cha dukani.

Hivyo hivyo ndivyo vilivyolika viatu vyake mwenyewe, miaka miwili kabla hajaanza kuburura mguu.

"Baba, unakishona au unakihoji? Nachelewa!"

"Vaa vya mama yako."

"Vya mama? Nitaonekana nimevaa mitumbwi!"

Hakucheka. Daktari alikwisha kumweleza: ndani ya seli za neva mna protini zinazopaswa kuungana ziwe nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo huipa neva umbo na nguvu. Jeni yake moja ilikuwa na hitilafu; protini zilitoka na kasoro, zikashindwa kuungana sawasawa, zikalundikana kama uzi uliotatizana. Neva ndefu, za miguuni, ndizo hutangulia kudhoofika. Na kila mtoto wake angeweza kuirithi hitilafu hiyo, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Saa tatu alisimama dirishani pa ofisi ya bima ya afya, foleni ndefu nyuma yake, kiatu kimefungwa gazetini. Aliomba kibali cha binti kupimwa jeni.

"Anaumwa nini?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Bado hajazidiwa. Ila dalili zimeanza."

"Kipimo hiki ni cha wagonjwa, mzee. Mlete akishindwa kutembea."

"Nani atambeba siku hiyo, ndugu? Mimi, kwa miguu hii?"

"Tena akikutwa na jeni yenye hitilafu, ni maradhi ya kuzaliwa. Hayo hatuyagharamii. Mwingine!"

Tangu aanze kazi, Gundi hakuwahi kukiacha kiatu kibovu bila kukitengeneza. Alilifungua gazeti, akakiweka kiatu juu ya kaunta, soli juu.

"Hiki nini tena?"

"Ushahidi. Sikukishona, wala sitakishona. Andika tarehe ya leo, na uandike kwamba mtoto alikuwa bado anatembea nilipomwombea kipimo."

Karani alikisukuma kwa ncha ya kalamu. Gundi alikirudisha palepale.

"Mwingine!" karani aliita tena.

Nyuma ya Gundi, hakuna aliyesogea kuchukua nafasi yake.