Dakika Sita za Kufunga Mdomo

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alipanda ngazi za majengo ya watu kutengeneza lifti zilizokwama, maana lifti ikifa, fundi wake hana lifti. Kisha mshtuko wa moyo ukamwangusha akiwa na bisibisi mkononi. Alipona, lakini moyo ulibaki na kovu kubwa, na kutoka kitandani hadi bafuni akawa anapumzika mara mbili.

Madaktari walimkata kipande cha msuli wa paja, wakakuza chembe hai zake maabara kwa wiki tatu, wakazichoma kwa sindano kwenye lile kovu ziusaidie moyo. Hawakumwahidi kitu. Mkewe alisema moyo wenye nyama ya paja hauna tena kisingizio cha kutotembea.

Sasa miezi sita imepita na siku ya kupimwa imefika. Ukumbi wa hospitali, koni mbili za plastiki, dakika sita za kwenda na kurudi. Akifikisha mita mia nne anarudi kazini. Asipofikisha, kazi ndiyo basi. Kabla ya kuchomwa zile chembe alifikisha mia mbili na kumi, tena kwa kujikaza kisabuni.

"Mtazamaji haongei," nesi alimwonya mke. "Hata mimi maneno yangu nimepangiwa. Ukimshangilia, tutakuwa tunapima mdomo wako, siyo moyo wake."

"Mimi tena? Mdomo nimeuacha nyumbani, dada."

Labda aliuacha kweli, ila ulimfuata. Dakika ya tano alimwona mumewe akizunguka koni bila kushika ukuta, uvumilivu ukamshinda.

"Kaza, Baba Watoto! Kaza hivyo hivyo!"

Fundi alikaza. Mia nne na mbili! Nesi akaikunja karatasi yake.

"Hii haihesabiki. Pumzika saa nzima, turudie."

Fundi alikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Alikuwa ametoa nguvu zake zote. Mkewe alilia kimyakimya pembeni.

"Nilikuona unatembea kama zamani," alisema, "nikajisahau."

Fundi akamtazama, hasira ikamtoka. "Haya. Safari hii jisahau ukiwa umenyamaza."

Alianza upya. Mke alijiziba mdomo kwa mtandio, mikono yote miwili. Dakika ya tatu mapaja yaliwaka moto, na Fundi akangoja ule mkono wa chuma anaoujua umbane kifua. Haukuja. Moyo ulikuwa unadunda kwa nguvu, sawasawa, unafanya kazi yake.

"Unaendelea vizuri. Dakika mbili zimebaki," alisema nesi, mkavu kama saa ya ukutani.

Hakuna aliyemsukuma. Alitembea mwenyewe.

"Simama hapo hapo."

Nesi alipima kwa utepe, akapima tena. "Mia nne na kumi na tisa."

"Muda umeisha?" mke alinong'ona kwenye mtandio.

"Umeisha."

Kimya kingi kina mshindo mkuu: wa kwanza kupiga kelele alikuwa nesi, hadi milango ya wodi ikafunguka. Mke akamrukia mumewe shingoni.

"Kumbe kelele zangu zilikupunja mita kumi na saba!"

Fundi akacheka, akacheka sana, na pumzi ya kucheka ilikuwepo.