Saa Nane ya Nani?

Fundi cherehani hakumwamini mtu yeyote aliyeondoka na kitu chake. Kitambaa cha mteja hakikupita mezani kwake bila kubaniwa karatasi ya jina. Na sasa uvimbe wa saratani uliotolewa kwenye figo yake ulikuwa umekaa wiki sita katika maabara asiyowahi kuikanyaga.

Daktari alimweleza: seli za uvimbe huo zitauawa kwa mionzi, kisha zitarudishwa mwilini mwake kama chanjo, ili kinga yake ijifunze sura ya adui.

"Yaani wamemkamata mwizi wako, wanakurudishia picha yake," shemeji yake alicheka. "Mimi ningedai na fremu."

"Cheka tu, shemeji. Picha ikiwa ya mwizi wa mtu mwingine, je?"

Muuguzi akaingia na kichupa kwenye sinia. "Haya mama, mkono."

"Nikisome kwanza."

"Tumeshakisoma watu watatu."

"Mimi niwe wa nne."

Lebo ilikuwa na namba yake ya mgonjwa, tarehe ya upasuaji, na saa: 8:00.

"Mimi nilipasuliwa saa nane mchana," fundi akasema.

"Si ndiyo hiyo nane?"

"Saa yako ya mkononi imeandika nini sasa hivi?"

Muuguzi akatazama. "Saa nne na dakika ishirini."

"Sijakuuliza ni saa ngapi. Imeandika nini?"

"Kumi... na ishirini."

"Basi hiyo nane ya maabara ni saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi mimi nilikuwa koridoni, namwona yule mzee dereva wa lori, aliye nami kwenye mpango huu wa chanjo, anaingizwa kabla yangu. Hii namba mliipataje?"

"Maabara wanaangalia saa iliyoandikwa kwenye chombo cha uvimbe, wanalinganisha na orodha ya upasuaji, ndipo wanapata namba."

"Na orodha mnaiandika kwa saa ipi?"

"Kwa saa ya Kiswahili," muuguzi akasema, akaweka sinia chini. Shemeji naye kicheko kilimkauka. Akainama sikioni kwa fundi: "Usije ukafutwa kwenye mpango, shemeji. Hakuna dawa nyingine iliyobaki."

"Ndiyo maana sitaki ya mtu."

Uvimbe wake wote ulikuwa umetumika. Chanjo hiyo isingeweza kutengenezwa tena. Muuguzi alijua hivyo pia; akainua simu ya ukutani haraka.

"Yule mzee wa lori asichomwe... Nini? Alichomwa jana?"

Fundi hakungoja kuelezwa. Alishusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo.

"Zake zimebaki chupa ngapi?"

"Tano."

"Huenda hizo ndizo zangu. Chukueni damu yangu mkalinganishe na seli za chupani, na yake pia. Mpaka majibu yatoke, hizo tano asiziguse mtu."

"Mama, friji inafungwa kwa ufunguo."

"Na ufunguo anao nani?"

"Maabara."

Fundi akaburuta kiti mpaka kwenye mlango wa chumba cha friji, akakaa akiutazama mlango.

"Shemeji," akasema, "kaniletee chai. Leo sitoki hapa."