Tafsiri ya Wimbo wa Mwisho

Usingizi unampata Lutufyo mchana kweupe, amekaa kwenye kiti cha studio yake pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, hedifoni masikioni, sahani ya wali haijafika hata nusu. Wala hakutaka kulala, maana ana hofu, na mwenye hofu atalalaje? Lakini wimbo ule ukiurudia mara ishirini unakulegeza viungo, utake usitake. Ni wimbo wa mwisho wa gemu moja ya Kijapani, unaimbwa na mwanamke mchezo ukishakwisha, wakati majina ya waliotengeneza yanapanda polepole kwenye skrini. Ngoja niwaeleze kwa nini anausikiliza. Lutufyo ni dijei wa kutafsiri sinema. Ikija ya Kichina, ya Kihindi, ya Kikorea, yeye huitia Kiswahili peke yake, sauti zote: bosi ni yeye, mrembo ni yeye, mtoto anayelia ni yeye, hata mbwa akibweka ni yeye. Na kazi ile ina sheria moja tu: mkalimani hasemi sijui. Asipoelewa anajaza, watu wanacheka, sinema inasonga. Sasa kuna kijana wa mtaani, Gwamaka, fundi wa madishi, ameanguka kutoka juu ya paa, wiki ya tatu hii yuko hospitali hajafumbua macho. Daktari kasema mzungumzisheni, huenda anasikia. Mama yake akakumbuka kwamba mwanawe aliimaliza gemu ile na kutwa alikuwa akiuimba wimbo wake wa mwisho, akaja kwa Lutufyo. Mwanangu, wewe unajua lugha zote, niambie unasemaje, nimwimbie kwa Kiswahili aelewe. Jamani, Lutufyo Kijapani hajui hata salamu! Angesema hivyo tu yangekwisha. Lakini wapi. Kafumba macho kama anayesikiliza kwa makini, kavuta karatasi, kaandika: Mwanangu umefika, weka chini ulichobeba. Njia iko mbele, usigeuke nyuma. Wanaokuita wamekwisha kuzoea. Yakamtoka matamu, mwenyewe akajisifu. Na leo asubuhi mama kapiga simu kushukuru. Ametulia sana, baba, tangu nianze kumwimbia. Hata vile vidole alivyokuwa akitikisatikisa ameacha. Ndipo Lutufyo alipoona kwamba maneno yale yanamuaga kijana, hayamwiti. Ndiyo maana amevaa hedifoni, anautafuta ukweli wa wimbo, na ukweli haupatikani, na kichwa kinaanguka kifuani, na mlango wa studio, ule uliopigiliwa godoro kuzuia kelele, unafunguka kwa upande wa bawaba.

Anatoka, na nje si Mwanjelwa. Ni barabara pana ya vumbi jekundu, haina mwanzo wala mwisho, na kando yake kuna soko, ila soko hili watu hawauzi wala hawanunui, wanatua. Wanakuja wamebeba ndoo, magunia, masanduku, wanatua chini, wanashusha pumzi, wanaendelea na safari mikono mitupu. Mama mmoja anamfungua mtoto mgongoni, anamlaza juu ya magunia, anaondoka bila hata kumfunika. We mama, Lutufyo anapiga kelele, mtoto wako! Mama anasimama, anamwelekea, na uso hana, mahali pa uso ni laini kama yai lililomenywa. Umefika, anasema, weka chini ulichobeba. Mungu wangu, sauti ile ni ya Lutufyo mwenyewe, ile nyembamba anayowafanyia wanawake kwenye sinema. Na mzee anayekohoa pale ni yeye. Na mtoto anayelia juu ya magunia ni yeye. Anazijua sauti zote, anakumbuka na filamu alimozitumia. Kwenye lundo anaona mkanda wa zana na waya wa dishi uliozungushwa vizuri, anaushika mkanda, bado una joto la kiuno cha mtu. Gwamaka amepita hapa sasa hivi. Miguu ya Lutufyo inaanza kukimbia kabla hajaiambia.

Anakimbia, na kando yake kuna mtu anatembea, hakumwona akija, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni na juu ya shingo hakuna uso, na ingawa huyu anatembea na yule anakimbia, wako sawasawa. Gwamaka yuko wapi? Yuko alikoambiwa aende. Ni mbali? Ni karibu kuliko mdomo wako. Sema vizuri, ndugu yangu, sina muda wa mafumbo. Muda huna wewe, anasema kiongozi huyo asiye na uso, sisi tunao wote. Barabara inapinda, inajirudia, inapita soko lile lile mara ya pili na ya tatu, na Lutufyo anataka kugeuka aone ametokea wapi, shingo inakataa. Inakataa kweli, imekaza kana kwamba imepigwa msumari. Anatazama walio mbele yake, maelfu kwa maelfu, kila mmoja shingo imekaza vilevile, hakuna hata mmoja anayetazama pembeni. Ndipo anapoukumbuka mstari wa pili aliouandika, usigeuke nyuma. Niliyaandika tu, anasema. Uliyaandika, kiongozi anaitikia. Sikujua. Hukujua, anasema kiongozi, na hukusema.

Halafu mji, kwa ghafla, kana kwamba mtu amefunua shuka. Ardhi yake ni kioo kitupu. Nyumba zimesimama juu, nyumba zilezile zinaning'inia chini, mlango kwa mlango. Juu watu wasio na nyuso wamekaa mezani, wanakula, wanataniana, wanapitishiana chumvi, na kila meza ina kiti kimoja kitupu ambacho hakuna anayekitazama. Chini, ndani ya kioo, ni watu walewale, lakini wale wa chini wana nyuso, vinywa wazi, wanajipiga vifua, wanalia na kilio hakitoki. Lutufyo anatembea kwa ncha za vidole asiwakanyage. Mara anamwona Mama Gwamaka, chini ya kiatu chake kabisa, kitenge kimefungwa kiunoni, karatasi mkononi, anaimba. Kila anapofungua mdomo, vipaza sauti juu ya mapaa vinatoa sauti ya Lutufyo, nzuri, nzito, ile ya mwisho wa sinema: wanaokuita wamekwisha kuzoea. Uongo! Hajazoea! Lutufyo anapiga magoti, anakipiga kioo kwa ngumi. Nyamaza mama, hayo si maneno yake, nilitunga mimi! Lakini sauti yake inaingia katikati ya sauti zake nyingine mia moja, nani ataitambua? Anapiga mpaka vidole vinachubuka. Mama haangalii juu, anageuza karatasi, anaanza tena kutoka mstari wa kwanza.

Mwisho wa mji kuna skrini, nyeupe, ndefu kuliko macho yanavyofika, na majina yanapanda juu yake polepole, na jina likifika juu na kupotea, mtu mmoja barabarani hayupo tena. Haanguki, halii, hayupo tu. Na kule mbele, hatua mia hivi, Lutufyo anaona ovaroli ya buluu na mgongo anaoujua. Gwamaka! Kijana anatembea. Kitendawili, anasema kiongozi. Lutufyo anataka kumtukana, mdomo unajibu wenyewe, tega. Mama aita, mwana aenda. Moshi, anasema Lutufyo haraka, mama ni moto. Sivyo, na chini ya skrini linachungulia jina la Gwamaka. Mshale, mama ni upinde! Sivyo. Maji ya chemchemi! Mwangwi! Kila jibu limekaa vizuri, kila jibu ungelikubali kama ungelisikia barazani, ndiyo kazi yake hiyo, na kila jibu linamsogeza kijana hatua kumi. Nipe mji, kiongozi anasema, kama watoto wafanyavyo wakicheza, aliyeshindwa hutoa mji akaambiwa jibu. Sijashindwa, nitapata tu! Jina limefika katikati, limepita katikati. Basi Lutufyo anaketi kwenye kioo, analia makamasi yakimtoka. Sijui, anasema. Kitendawili chako sikijui, Kijapani sikijui, wimbo ule sijui unasema nini, nilimdanganya mama wa watu kwa ajili ya sifa, na mwanawe anakwenda kwa sababu yangu. Nimeshindwa.

Vipaza sauti vinakatika vyote kwa pamoja. Chini ya kioo Mama Gwamaka anaitazama karatasi kama hajui kusoma, anaiacha ianguke, anaendelea na wimbo bila maneno, mmm, mmm, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza, na sauti hiyo inatoka. Kule mbele Gwamaka anasimama. Nipe mji, kiongozi anasema, mchezo haujakwisha. Chukua Tunduma. Si wako. Chukua Dar es Salaam. Ulipita tu, na mtu hatoi kisicho chake. Shingo ya Gwamaka inatetemeka, inataka na haiwezi, na jina limebakiza kidole kimoja kufika juu. Lutufyo anajua sasa anachotakiwa, na anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na anasema. Chukua Mbeya. Chukua mji wangu. Nilikwenda Mbeya, kiongozi anaanza taratibu, nikala, nikanywa, nikasalimiana na watu wako wote, nikarudi. Jibu ni wimbo wako: mama anamwita mwanawe nao, maneno yako yanampeleka mbali. Sauti hii ya kiongozi Lutufyo hajawahi kuitumia kwenye filamu yoyote. Na Gwamaka anageuka.

Lutufyo anashtuka kitini, wali umepoa. Hasubiri hata kufunga studio, anakimbia, kushuka mteremko, kuvuka barabara, mpaka wodini, hali kifua kinataka kupasuka. Mama Gwamaka anacheka huku analia. Mwanawe ameegemezwa kwenye mito, macho wazi, mama anamnywesha uji kwa kijiko, wagonjwa wa vitanda vya jirani wanapiga makofi. Njoo uone, baba, njoo umwone mwanangu! Nilikuwa namwimbia, maneno yakanitoka yote kichwani, nikabaki na mmm mmm tu, akageuza shingo akanitazama! Shikamoo mama, anasema Lutufyo, nimekuja kukuomba radhi, yale maneno niliyokuandikia. Marahaba, mama anajibu, maneno gani tena? Mimi sikuandikiwa na mtu. Anamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekosea wodi. Umekuja kumwona mgonjwa wako, eh? Hata sura yako ngeni. Mwenyeji wa wapi wewe? Lutufyo anafungua mdomo. Anatazama dirishani, anaona mlima, mabati, watu wanapita na miavuli, na jina la mji alioutoa haliji. Anafurahi kwa ajili ya kijana, anafurahi kweli, na anaogopa, na hajui kama huku ndiko alikoamkia au ndiko alikobakishwa. Kaa hapo upumzike, mgeni, anasema Mama Gwamaka, akimsogezea kikombe cha uji, usihangaike, mtu hakosi kwao. Lutufyo anakishika kwa mikono miwili, anakaa kwenye benchi, anatega masikio, anangoja mtu yeyote wodini aropoke jina la mji huu.