Pembezoni mwa Miwani ya Mtanashati

Manukato ndiyo yaliyotangulia kuingia karakanani, yeye akafuata. Dada yake, aliyekuwa akifuta lenzi kwa kitambaa laini, hakuhitaji hata kuinua kichwa. Alikuwa na mdogo mmoja tu, wa tumbo moja, na huyo Mungu alikuwa amempa shingo nzuri ya kuringia, kisha juu yake akasahau kutia kitu. Mtaa mzima ulimwita Mtanashati, naye masikini alidhani anasifiwa.

"Dada, nataka miwani ya jua yenye namba yangu ya macho," akasema. "Iwe ya kioo cha buluu, mtu akinitazama ajione mwenyewe. Na fremu ni hii hapa."

Dada mtu akaipokea kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya. Ilikuwa fremu iliyopinda, ya kukumbatia uso kutoka sikio hadi sikio. Mtanashati alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, na lenzi ya macho kama hayo tayari huwa na tumbo, imevimba katikati. Fremu hii ilikuwa inataka tumbo juu ya tumbo. Na kioo, ule utando wa juu unaorudisha sura ya mtazamaji, hakipendi tumbo. Lenzi huwekwa ndani ya tangi, hewa yote ikanyonywa, madini yakachemshwa mpaka yakawa mvuke, mvuke ukatua juu ya lenzi ukawa utando usioshikika. Lenzi bapa huupata sawasawa. Yenye tumbo huupata vizuri katikati, lakini kule pembezoni inakoteremka, mvuke huigusa kwa ubavu tu, na utando huwa hafifu.

"Katikati itakuwa buluu, pembeni zambarau," akamwambia. "Na atakayekaa ubavuni kwako atakuona macho. Chukua fremu bapa kidogo, au achana na kioo."

"Nani akae ubavuni kwangu? Mimi watu hunitazama kwa mbele, dada. Halafu rangi ya ndani ya lenzi usiikoleze, nitaivaa hata sebuleni. Wewe paka tu."

Dada mtu akafyonya, akapaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe halikuwa lake.

Miwani haikumuuma. Lililomuuma ni mama. Mama yao alikuwa ameanguka bafuni, hangeweza tena kuishi peke yake, na Jumapili iliyofuata alikuwa aamue atahamia kwa nani. Dada mtu alishaandaa chumba: kitanda kifupi, kishikio ukutani, taa ya kuwashwa kwa kamba. Tangu baba afariki alikuwa akimtaka mama yule kwa uroho wa mtoto mchanga, ingawa asingekiri hata angechomwa moto. Na Mtanashati alikuwa ameandaa nini? Miwani!

Jumapili wakaketi sebuleni kwa mama, watatu tu. Mtanashati alikaa akitazamana na mama, buluu tupu usoni. Dada mtu alikaa ubavuni mwa mdogo wake, upande wa dirisha.

"Leo nasema mimi," mama akaanza. "Nikimaliza ndiyo mseme."

Akaanzia mbali. Akaeleza alivyonyoosha mkono kuchukua sabuni dirishani, sakafu ikamkimbia.

"Sabuni ilikuwa juu ya ndoo, mama," dada mtu akamsahihisha.

Mama akasema kokote atakakokwenda, anataka kujipikia mwenyewe.

"Kwa mikono hiyo inayotetemeka?"

Mama akaongeza kwamba anataka mlango wa chumba chake aufunge yeye, kwa ndani.

"Ili ukianguka tena tuuvunje?" dada mtu akauliza, akabetua midomo.

Muda wote huo Mtanashati alikuwa ametulia tuli, mikono kifuani, kichwa kimeinama kwa heshima. Heshima hiyo ameitoa wapi? Dada mtu akageuka kumkata jicho. Pale pembezoni, buluu ilipofifia ikawa zambarau, mwanga wa dirisha ulikuwa umepenya, na lenzi ilikuwa imelikuza jicho la mdogo wake, kubwa, na limefumba. Jitu lilikuwa limelala. Furaha ikampanda mpaka kooni. Leo kapatikana!

"Nimeamua," mama akasema. "Nitakwenda kwa mdogo wako. Yeye amenisikiliza mpaka mwisho."

"Amekusikiliza?" Dada mtu akasimama. "Mama, hebu njoo ukae hapa nilipokaa mimi. Njoo umwone msikilizaji wako."

Akamshika mkono, akamvusha, akamkalisha. Mama akainama, akatazama kwa pembeni kwa kitambo kizuri. Dada mtu akangoja, maneno yake tayari mdomoni: chumba kipo, kitanda kipo, twende leo leo.

"Amelala," mama akasema.

"Fofofo! Tangu kwenye sabuni!"

"Baba yenu naye alikuwa hivi hivi." Mama akacheka kidogo, akamtoa Mtanashati uzi begani. "Nitakwenda kwake."

"Mama! Debe tupu hili? Atakusahau na njaa!"

"Akinisahau nitajipikia." Mama akainua uso, akamtazama binti yake bila haraka. "Miwani umeitengeneza vizuri, mwanangu. Nilipokuwa kule mbele nilijiona ndani yake, kadogo, nimekaa kwenye kiti changu, nazungumza. Nikajiona bado mtu. Lakini wewe huvai miwani. Kila nikifungua mdomo nayaona macho yako. Nimeyaona niliposema sabuni, nimeyaona niliposema mlango. Unavyomtazama huyu, ndivyo unavyonitazama na mimi."

Mtanashati akashtuka, akaisukuma miwani ikae sawa puani.

"Ni kweli kabisa, mama," akasema.

Safari hii dada mtu hakumkata jicho. Alikuwa ameinamia sakafu, hajui macho yake ayapeleke wapi.