Nukta Iliyokwama Ndalu

Chelangat alijimiminia chai, akaisahau hadi ikafanya utando. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na kwenye simu nukta nyekundu ilikuwa imekwama Ndalu kama ng'ombe aliyekataa kuvuka maji.

Nukta ile ndiyo maziwa ya kikundi chao cha Saboti. Kidude kilifungwa kwenye mkebe mmoja garini mwa dereva wao Ngige, kikaonyesha maziwa yako wapi na yana joto gani. Chelangat aliona, na Nakhungu, mnunuzi wao wa Bungoma, aliona vilevile. Mwanzoni Chelangat alikikataa katakata. "Mgeni simkaribishi hadi jikoni!" Lakini maziwa yaliganda njiani. Saboti ikamlaumu Ngige, Ngige akailaumu Bungoma, na Nakhungu akaapa: yakiganda tena, anatafuta wakulima wengine. Ndipo Chelangat akakikubali.

Mara nukta ikasogea. Badala ya kufuata barabara, ikachepuka mashambani.

"Uwi! Anayauza maziwa yetu!"

Akampigia Ngige. Simu imezimwa. Akaketi, akasimama, akafungua mlango, akaufunga. Simu ikalia. Alikuwa Nakhungu.

"Mama, unaona?"

"Naona, mwanangu. Huyo mwizi, nikimpata—"

"Ngoja bana, usimle mtu mbichi. Si uangalie joto?"

Chelangat akaangalia. Joto lilikuwa linashuka.

"Jua lote hili, maziwa yanapoaje?" Nakhungu akauliza.

Chelangat akaitazama nukta tena: ilikuwa imetulia kando ya mto. Akamkumbuka mamake akiloweka kibuyu cha maziwa kijitoni, amekifunga kwa kamba ya mgomba.

"Ameyateremsha mtoni," akasema polepole. "Gari limemfia."

"Basi dereva wangu Kinyua yuko hapo karibu, Tongaren, na pikapu. Namtuma sasa hivi."

Chelangat hakuketi. Alizunguka meza, simu mkononi, mpaka nukta ikarudi barabarani, ikateremka kuelekea Bungoma, ikatulia.

Simu ikalia tena. "Nimeonja," Nakhungu akasema. "Matamu. Kesho mlete kama kawaida. Na huyu hapa anataka kukusalimia."

"Mama, ni Ngige. Simu iliisha chaji, gari nalo likagoma. Hukunitukana?"

"Nilikutukana, tena sana. Kesho kabla ya kupakia, pitia kwangu unywe chai."

Chelangat akachukua kikombe chake, akatoa utando kwa kidole, akainywa ikiwa baridi vivyo hivyo.