Mama Anasema

Agnella alikuwa na mdomo, na hilo mtaa mzima wa Kibaoni ulilijua. Lakini msimhukumu haraka. Mdomo ule ulipewa kazi tangu yuko shule ya msingi.

Mama yake, Domitila, alikuwa na shamba la mpunga huko Mofu, kando ya mto. Kila mwaka mpunga ukianza kutoa masuke alifungasha vyombo vyake, akahamia huko kuamia ndege. Wale kwelea kwelea hawana adabu hata chembe. Ukisinzia kidogo wameshashuka, na ukiamka unakuta umebakiwa na majani. Kwa hiyo Domitila alikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti anachopanda mlinzi ili alione shamba lote, akapiga debe na kupiga kelele kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, msimu mzima. Siku anarudi Ifakara na magunia yake, sauti ameiacha shambani. Kilichobaki ni mnong'ono, na ili uusikie lazima umtegee sikio mdomoni kabisa.

Sikio lenyewe lilikuwa la Agnella. Mama alinong'ona, binti akatangaza. Kanisani, sokoni, kwenye jumuiya, popote walipokwenda lilikuwa ni hilo hilo: "Mama anasema..." Na jamani, mama alitoa neno moja, binti akatoa kumi.

Mwaka wa kisa hiki, siku ya pili tu baada ya mama kurudi, walikwenda dukani kwa Mzee Abdulnasir kutafuta ndoo. Domitila akaigeuza ndoo, akaitazama kwenye kitako, akamnong'oneza binti yake: "Ghali."

"Shikamoo Mzee Abdulnasir," Agnella akaanza, macho makavu. "Mama anasema ndoo ni nzuri, ila hiyo bei labda uliwawekea watalii wanaopita kwenda Mang'ula kupanda mlima. Anasema yeye ni mteja wako tangu duka hili lina mlango mmoja. Na anawasalimia wote nyumbani."

"Marahaba," akajibu Mzee Abdulnasir, akamtazama Domitila kwa kumwonea huruma. "Hayo yote umeyasema wewe, Mama Agnella?"

Domitila akatikisa kichwa kukataa, huku mabega yanamcheza kwa kicheko kisichotoka. Ndoo ilipunguzwa bei. Wakiwa njiani mama alimfinya binti yake mkono, si kwa kumuumiza, na Agnella akatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Sasa, mama akiwa Mofu, nyumbani Kibaoni walibaki Agnella na mdogo wake Evod, kwa sababu ya shule. Baba yao alifariki Evod akiwa bado ananyonya. Ndugu walipita kuwatazama wakipata nafasi, lakini aliyepika, aliyefua, aliyemkimbiza Evod aoge, ni Agnella. Na jioni, kabla ya kukomea mlango, alikuwa na kitabia chake. Alisimama kizingitini, akapaza sauti kuelekea ndani: "Mama, tunafunga mlango!" Mama yuko Mofu, juu ya dungu! Evod zamani alikuwa anamcheka. Baadaye akazoea, hata kichwa hakuinua tena.

Shuleni Agnella alikuwa kidato cha nne, na somo lake la kujidai lilikuwa Kiswahili. Mwalimu wao, Mwalimu Deogratias, alikuwa kijana mwenye haraka zake, anayetembea darasani mpaka chaki imwishie mkononi. Siku moja, mama akiwa bado shambani, aliwaletea shairi la kisasa, halina vina wala mizani, limeandikwa na kijana ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Liliitwa "Mlinzi." Akaliandika lote ubaoni, maana lilikuwa fupi:

Napiga kelele jua halijatoka,
napiga kelele jua likizama.
Ninaowafukuza wananijua.
Ninaowaita hawaitiki.

"Sitaki dhamira, sitaki tamathali," akasema Mwalimu Deogratias. "Nataka mnieleze limekufanya nini wewe. Wewe, siyo jirani yako."

Mikono ikainuka. Wiliam akasema mlinzi ni mwanaharakati anayetetea haki za wanyonge. Happyness akasema mlinzi ni mwanaharakati anayetetea haki za wanawake. Wa tatu naye akaja na mwanaharakati wake, wa mazingira. Mwalimu akashika paji la uso.

"Hayo ni madesa, majibu ya kukariri! Mtu mmoja kawauzia darasa zima?"

Agnella hakusubiri kuitwa. Akasimama. "Mwalimu, huyu ni mama yangu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akasubiri kitulie, mkono kiunoni, kisha akaendelea. "Anaowafukuza ni kwelea kwelea. Wanamjua, maana kila mwaka wanakuja pale pale. Anaowaita ni watu, na watu hakuna. Yuko peke yake juu ya dungu, anaita mpaka sauti inakatika, hakuna wa kumwitikia. Analia. Akirudi nyumbani hana sauti hata ya kutusimulia."

Kicheko kikaisha. Mwalimu Deogratias akaiweka chaki mezani. Siku hiyo hiyo alimwambia aandike yote hayo vizuri, kwa sababu Siku ya Kiswahili ilikuwa inakaribia, na shule za Ifakara zingeshindana: kila shule mwanafunzi mmoja, asome shairi na aeleze lilivyomgusa. Mshindi angekwenda Morogoro kwenye kambi ya waandishi chipukizi. Agnella hajawahi kufika mbali kuliko Mang'ula, na huko alikwenda kwa safari ya shule, akarudi jioni. Kambi ile aliitamani mpaka chakula hakipiti.

Alipopeleka karatasi, mwalimu aliisoma mara mbili. "Ni nzuri. Nakupeleka wewe. Ila kuna kitu kinanikera. Shairi halisemi kwamba mlinzi analia. Halisemi ni mpweke. Unamtia mshairi maneno mdomoni."

"Mwalimu, hajasema, lakini ndivyo ilivyo."

"Umejuaje?"

"Mimi kazi yangu ni hiyo. Mtu akisema kidogo, namalizia."

"Mwamuzi ni Mwalimu Restituta. Amefundisha Kiswahili mpaka wanafunzi wake wamekuwa bibi. Atakuuliza hilo hilo."

"Aniulize tu."

Mnaona alivyokuwa? Hata woga wa kusingizia hakuwa nao. Mama yake aliporudi na kumkuta anafanya mazoezi mbele ya Evod, Agnella alificha karatasi haraka. Alitaka aisikie ukumbini, mbele ya watu, ashtuke kwa furaha.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa sare za kila rangi, na wazazi wamekaa upande wa madirisha. Domitila alivaa kitenge chake cha Pasaka, kamweka Evod ubavuni. Walitangulia wa shule nyingine. Mmoja alisahau katikati akaanza upya, mwingine alisoma bila kuinua macho. Agnella akawa anahesabu moyoni wanaomtisha, akaona hakuna.

Alipoitwa, alisimama wima, akasoma shairi kwa ile sauti ya kutangaza aliyoizoea. Kisha akaeleza. Akasema kuhusu dungu, kuhusu debe, kuhusu mama anayeita huku bonde zima liko kimya. Aliposema, "Mama yangu analia kule juu, na machozi yake ndiyo tunayoyala sisi tukila wali," kuna mama mmoja dirishani alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Makofi yalipigwa mpaka mabati yakalia.

Mwalimu Restituta, bibi mwembamba mwenye miwani, hakupiga makofi. Alisubiri yaishe.

"Umesoma vizuri, binti. Lakini shairi hili lina mistari minne, na hakuna chozi hata moja. Umejuaje kwamba mlinzi ni mpweke?"

Hapo angeweza kujibu kistaarabu tu. Lakini mdomo ni mdomo. "Mwalimu, mlinzi mwenyewe yuko hapa ukumbini. Tumuulize!"

Ukumbi ukapiga vigelegele. Mwalimu Deogratias, kule nyuma, akafumba macho. Domitila alisita, akamwachia Evod pochi, akapita katikati ya viti mpaka mbele. Mwalimu Restituta akamsalimia, akamuuliza: "Mama, ni kweli? Ulikuwa mpweke huko?"

Domitila akainama kwenye sikio la binti yake. Alinong'ona kwa muda mrefu kuliko kawaida. Watu waliona uso wa Agnella ukibadilika.

"Anasemaje?" akauliza Mwalimu Restituta.

Agnella akainamia karatasi yake. Maana mama alikuwa amesema hivi: "Mwanangu, umekosea. Mimi sijalia hata siku moja. Dungu la pili yupo shangazi yako Jenifer, tunapigiana kelele, tunatukana ndege, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kule nina raha zangu."

Na hakuna mwingine aliyesikia. Hakuna! Agnella angeweza kusema lolote, kama alivyosema kwa Mzee Abdulnasir. Mama anasema ndiyo, alilia sana. Mama anasema binti yake kasema kweli. Maneno yalishampanda mpaka kooni, mazuri, yamejipanga, na Morogoro ilikuwa mbele yake. Mama yake angefanya nini? Hana sauti ya kumkanusha, na hata dukani alitikisa kichwa tu, akacheka. Agnella akamtazama. Domitila alikuwa anasubiri kwa utulivu, jinsi alivyosubiri miaka yote kusikia binti yake atasema nini kwa niaba yake. Na Agnella akaona aibu. Mtu huyu amemwachia sauti yake, hajawahi kumdai.

"Mama anasema nimekosea," akasema.

Akalirudia lile alilonong'onezwa, neno kwa neno, pamoja na ndege kutukanwa, pamoja na raha zake. Hakuongeza kitu. Ukumbi ukacheka, na Domitila akacheka bila sauti, na kule nyuma Wiliam akasema kwa nguvu, "Kwisha habari yake!"

Mwalimu Restituta hakucheka. Alivua miwani. "Basi, binti, niambie. Kama haukuwa kwa mama, na haumo kwenye shairi, huo upweke umeutoa wapi?"

Agnella akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukuwa na kitu kinachosubiri. Akatazama karatasi. Akatazama ule mstari wa mwisho. Halafu akajua, na alipojua hakuogopa.

"Nyumbani, mwalimu," akasema. Sauti haikuwa ya kutangaza tena, lakini ilifika mpaka nyuma. "Mama akienda shamba tunabaki wawili. Jioni nikifunga mlango napaza sauti, 'Mama, tunafunga mlango!' ili anayepita nje ajue kuna mtu mzima ndani, asije akatuingilia. Wezi nawafukuza. Lakini nikishaita, kila siku, huwa nasubiri kidogo. Najua yuko Mofu. Nasubiri tu. Haitiki. Mlinzi siyo mama. Mlinzi ni mimi, na mpweke ni mimi. Nilimsingizia mama kwa sababu sikutaka kusema ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Domitila aliweka mkono mdomoni. Miaka yote hiyo hakuwa analijua hilo, na nani angemwambia, wakati msemaji wa nyumba ndiye huyo huyo? Evod alikimbia kutoka kwenye viti na pochi ya mama shingoni, akaja kusimama katikati yao, akathibitisha kwa ukali bila kuulizwa: "Ni kweli, anaitaga!"

Mwalimu Restituta akavaa miwani yake, akaandika kitu, akasema, "Sasa umelijibu shairi." Majina yaliposomwa, wa kwanza alikuwa Agnella. Alikwenda kupokea cheti kwa mwendo ule ule wa kutoka dukani na ndoo, kifua mbele, na Mwalimu Deogratias alipiga makofi akiwa amepanda juu ya kiti.

Njiani Domitila hakunong'ona kitu. Alimshika mkono Agnella upande mmoja na Evod upande wa pili, kama watoto wadogo, na Agnella, msichana mkubwa wa kidato cha nne, hakuutoa mkono. Walipopita dukani, Mzee Abdulnasir aliwapongeza akauliza mama anasemaje. "Mwenyewe hajasema kitu, mzee," akajibu Agnella. Mzee akashangaa mpaka akasahau kumrudishia mteja chenji.

Jioni wali ulipoiva na kuliwa, Evod ndiye aliyekwenda kufunga mlango. Akashika komeo, akageuka, akaita kwa mazoea: "Mama, tunafunga mlango!"

Domitila alikuwa chumbani. Alijikohoza. Kilichotoka kilikuwa kibovu, kimekwaruza, kimevunjika katikati, lakini kilitoka kwa nguvu zake zote mpaka jirani akafungua dirisha.

"Haya, wanangu! Fungeni! Nipo!"

Evod akamtazama dada yake, akasubiri amalizie kama kawaida. Agnella alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Hakuwa na la kuongeza.