Viti Vinavyolala

Tangu Bi Rukia alipoteleza kwenye ngazi za nyuma ya duka, hakuweza tena kukaa kitako kwa muda unaozidi ule wa kunywa kikombe cha chai. Nyonga ilivunjika, ikaungwa kwa chuma huko Bukoba, na daktari akasema atatembea kwa mkongojo. Kutembea alitembea, kutoka chumbani hadi msalani na kurudi, akijishika ukuta. Kulala pia alilala. Kilichomshinda ni kukaa. Akikaa, maumivu yalianza kama sindano, yakageuka msumari, na kabla chai haijapoa uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Ndiyo maana alikula akiwa ameegemea ubavu na kupokea wageni akiwa amelala, akiwaomba radhi kila mara kana kwamba amewakosea.

Mwanawe, Hanifu, alikuwa na duka la vyombo na vitenge pale Kayanga, hatua chache kutoka stendi. Lilikuwa duka la marehemu baba yake, Mzee Abdillah, na nyumba ilikuwa nyuma yake. Hanifu alikuwa mtu wa kupata ufumbuzi. Mzigo ukikwama Kyaka alimjua wa kumpigia, jenereta ikizima aliifungua mwenyewe. Ugonjwa wa mama yake tu ndio uliomfanya awe anasimama mlangoni kisha anaondoka.

Mvua za vuli zilipoanza, ikaja simu kutoka Morogoro. Bi Mgeni, dada mkubwa wa Bi Rukia, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Aliyepiga hakueleza zaidi, wala hakuna aliyeuliza. Mgonjwa wa ini akirudishwa nyumbani watu wanajua maana yake. Bi Mgeni ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyempamba siku ya harusi, akamsindikiza stesheni na kulia mpaka behewa la mwisho lilipopotea. Sasa alikuwa na ombi moja tu: Rukia aje waonane.

"Nipeleke kwa treni," Bi Rukia akamwambia mwanawe. "Basi siliwezi, na ndege nayo ni kukaa, tena umefungwa mkanda. Treni ina vitanda. Ndiyo iliyonileta huku nikiwa mwari, nililala kutoka Morogoro hadi Mwanza kama niko kwetu."

Hanifu akalipima jambo hilo pamoja na mkewe, Naila, wakaona mama amesema kweli. Gari la kulala kwa siku mbili za barabara asingeliweza; safari ya Bukoba tu, kwenda kupigwa picha ya mfupa, ilimrudisha amezirai. Lakini kutoka Kayanga hadi Bukoba, safari hii akilazwa kwenye godoro na kuendeshwa polepole, angevumilia, kwenye meli kuna kitanda, na Mwanza stesheni iko karibu na bandari. Njia yote angekwenda amelala.

Wakati huohuo redio ikatangaza kwamba mabehewa ya zamani ya abiria yanaondolewa na mapya yameshafika. Mtangazaji aliyasifu mpaka mate yakamjaa msikilizaji: kiyoyozi, vyoo vyenye maji, taa za kusomea, viti vinavyolala. Safari ya kwanza ingekuwa mwezi unaofuata. Hanifu aliyajua mabehewa ya zamani. Aliwahi kuyapanda akaenda na kunguni mpaka Dodoma, akalala porini karibu na Malongwe nusu siku nzima wakingoja kichwa kingine cha treni, hakuna hata tone la maji ya kunawa.

"Tungoje mapya, mama," akasema. "Umeteseka vya kutosha."

"Kunguni nawajua, nao wananijua," Bi Rukia akajibu. "Twende hivihivi."

"Vumilia kidogo tu. Nataka usafiri kama mtu."

Bi Rukia akaacha kubishana. Hanifu akapiga simu stesheni, akauliza jambo moja tu alilolihofia. "Hayo mabehewa mapya, daraja la kwanza, viti ni kweli vinalala?"

"Vinalala, kaka," msichana wa upande wa pili akasema kwa upole. "Unabonyeza kitufe tu."

Basi moyo wake ukatulia.

Siku ya safari ilipofika, Deodatus wa Kituntu akaja na Noah yake, viti vya nyuma amevikunja na kutandika godoro. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyenunua gari uzeeni, na aliendesha kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Kila kona alisema, "Mpora, mpora," yaani polepole, akijituliza mwenyewe kuliko abiria wake. Bi Rukia alifika Bukoba akiwa na macho makavu. Kwenye meli alilala usingizi mzuri, na asubuhi, milima ya mawe ya Mwanza ilipoonekana, akampigia dada yake simu.

"Niko Mwanza, Mgeni. Leo napanda treni."

"Hiyo mpya?" sauti ya Bi Mgeni ilikuwa nyembamba. "Wanasema ndani ni kama hotelini. Utanisimulia."

Mchukuzi akamsukuma Bi Rukia kwa kiti cha magurudumu, Hanifu akimhimiza kila dakika akwepe matuta. Treni ilikuwa imesimama inang'aa. Ndani kulikuwa na harufu ya vitu vipya ambavyo havijaguswa na mtu, na ubaridi mzuri kama wa asubuhi ya Kaisho. Mhudumu wa behewa, binti mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Salvina, akawapokea kwa shikamoo na kuwaonyesha nafasi zao. Vilikuwa viti viwili vya buluu, vya sponji nene, kila kimoja na mkono wa chuma pande zote.

Hanifu akabonyeza kitufe. Mgongo wa kiti ukarudi nyuma kiasi cha mtu anayejiegemeza kusikiliza hotuba, kisha ukagoma. Akabonyeza tena. Akausukuma kwa kiganja.

"Kimeishia hapo, kaka," Salvina akasema.

"Kulala je?"

"Ndiyo kimelala."

Hanifu akamtazama. Binti hakuwa akitania. "Mama yangu hawezi kukaa," akasema. "Nilikata tiketi kwa sababu mlisema vinalala. Vitanda viko wapi?"

"Mabehewa ya vitanda hayajafika. Tunaambiwa yatakuja baadaye. Kwa sasa yote ni ya viti."

"Na yale ya zamani?"

Salvina akaelekeza macho dirishani. Kwenye reli ya pembeni, majani yameshaanza kumea kati ya magurudumu, yalikuwa yamesimama mabehewa matatu yaliyochakaa, milango imefungwa kwa minyororo. Bi Rukia naye akayaona, akiwa bado kwenye kiti cha magurudumu, ameinamia upande mmoja.

"Lile pale lina kitanda," akasema taratibu.

Hanifu akashuka, akamtafuta msimamizi wa treni, mtu mzima mwenye sauti ya kuchoka. Akamweleza. Akamwomba wafunge behewa moja tu la zamani nyuma, hata bila maji, hata bila taa. Msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu Hanifu alikuwa amejiandaa kugombana. "Ndugu yangu, hata ningetaka, hayaunganiki na haya. Breki zake ni nyingine kabisa. Ingekuwa mwezi uliopita ungepata kitanda." Akamshika bega. "Pole sana."

Ingekuwa mwezi uliopita. Hanifu alirudi ndani na maneno hayo.

"Tushuke, mama," akasema. "Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

Bi Rukia akanyoosha mkono ainuliwe. "Niweke hapo kitini. Mgeni ananisubiri."

Treni ikaondoka bila mshtuko, laini kama hariri, abiria wakapiga makofi. Bi Rukia aliketi amejisogeza kwenye ukingo, uzito wote kwenye paja lililo zima. Akaisifu sana ile treni. Akasema haitikisiki, haipigi kelele, na vioo ni visafi mtu anaona mpaka ng'ombe wa watu. Akamwomba Hanifu aende akaone kama kweli chooni mna maji, na aliporudi kumwambia kwamba yapo, akamkuta ameuma upindo wa kanga na jasho linamtiririka katika ule ubaridi.

Walijaribu kila kitu. Salvina akaleta mito mitatu. Wakajaribu kumlaza juu ya viti viwili, lakini ule mkono wa chuma wa katikati haukuinuka, ulitengenezwa hivyo. Ukawa unamchoma mbavuni. Mama mmoja wa viti vya mbele akatoa nafasi yake ili wajaribu upande wa pili, kumbe ni vilevile. Hanifu akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili akauvuta, akavuta, mishipa ikamtoka shingoni, watu wakatazama pembeni kwa haya. Haukutikisika. Ulikuwa mpya.

"Niwekeni chini," Bi Rukia akasema.

Abiria wakavuta miguu na mizigo. Salvina akatandika blanketi kwenye njia ya katikati. Msimamizi alikuja, akatazama, akasema kwa kanuni njia haipaswi kuzibwa, kisha akaondoka kana kwamba hakuona. Hanifu akamshika mama yake kwapani, kijana mmoja akamshika miguu, wakamshusha polepole. Njia ilikuwa nyembamba. Walipomgeuza ili apate kuenea, Hanifu alisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya nguo, na mama yake akatoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kuanguka.

Alibaki amelala pale sakafuni, hewa baridi ikimpiga usoni kutoka darini. Hanifu alipiga magoti kichwani kwake akamkinga kwa koti. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Mashamba ya pamba yalipita, vituo vidogo vikapita, na treni nzuri ile ilikwenda kwa mwendo wake, haiwezi kwenda haraka zaidi kwa ajili ya mtu mmoja wala kusimama mahali pasipo na hospitali.

Shinyanga Bi Rukia akashushwa kwa machela. Salvina alishuka nao mpaka chini, ameshika mkongojo wa Bi Rukia. Kipenga kikalia, akampa Hanifu mkongojo na kupanda mbio.

Hospitalini wakaambiwa chuma kimehama na mfupa umeachana upya. Atalala hapo, hatasafirishwa kokote, si kwa gari wala kwa chochote, mpaka wiki zipite. Hanifu akauliza kama anaweza kupelekwa Morogoro kwa gari la wagonjwa. Daktari akatikisa kichwa. Akauliza tena kwa maneno mengine, daktari akatikisa kichwa vilevile.

Jioni Bi Mgeni akapiga simu. Hanifu aliitazama ikiita, akamtazama mama yake.

"Mpe," Bi Rukia akasema. "Nishikie sikioni."

"Rukia, umefika wapi?"

"Shinyanga, dada. Treni imeharibika."

"Hiyo mpya?"

"Hiyo mpya."

"Hee. Basi wataitengeneza. Ndani mnakaa vizuri lakini?"

"Vizuri. Kuna baridi mpaka nimejifunika."

"Usijali, nitakungoja," Bi Mgeni akasema. Akapumua kwanza ndipo akaendelea. "Mimi siendi mahali."

Waliongea hivyo siku chache, dada mtu akiuliza kama fundi amekuja, mdogo akijibu kwamba amekuja ila kifaa kinatoka mbali. Pengine Bi Mgeni alijua. Wala hakuuliza kwa nini hawashuki wakapanda basi. Kisha ikaja Ijumaa simu ikapigwa na sauti nyingine, ya mpwa wao, na Hanifu hakuhitaji kumpa mama yake asikilize. Mazishi yalifanyika alasiri ileile. Bi Rukia aliomba radhi wodini, akasoma Yasini akiwa amelala chali, macho darini, kwa sauti ya chini ili asiwasumbue wagonjwa wengine.

"Ningekusikiliza," Hanifu akasema alipomaliza. "Tungekwenda na lile la kunguni, ungefika."

"Ulitaka nisafiri kama mtu," mama yake akasema. Hakusema kwa kumlaumu, wala hakusema kwa kumwondolea lawama. Akafumba macho.

Deodatus akaenda kuwachukua wiki zilipotimia, Kituntu hadi Shinyanga na kurudi, mpora mpora, wakipumzika kila mji, na Bi Rukia akarudishwa chumbani kwake. Safari hii hata kwenda msalani hakuweza. Naila akafundishwa na muuguzi namna ya kumwogesha kitandani. Watu wakaja kutoa pole za msiba, Waislamu wa mjini na jirani zao Wakristo wa mashambani, na ndizi zikajaa uani. Walipopungua, Hanifu akafungua duka.

Siku moja wakaingia Yustus na mkewe Eustadia, wakulima wa Kituntu, kununua begi. Mtoto wao alikuwa anahitimu chuo Dodoma, nao hawajawahi kupanda treni.

"Tumesikia wewe uliipanda hiyo mpya," Yustus akasema. "Ikoje? Tusije tukateseka njiani, sisi wazee."

Hanifu alikuwa akijaribu zipu ya begi. Aliivuta mpaka mwisho, akairudisha.

"Ni nzuri," akasema. "Safi. Haitikisiki, na maji yapo. Chukueni sweta tu, ndani kuna baridi."

Eustadia akafurahi, akamshukuru, akauliza mama anaendeleaje. Hanifu akasema anaendelea vizuri. Akawafungia begi kwenye mfuko, akawasindikiza kwa macho mpaka wakavuka barabara kuelekea stendi. Kisha sauti ya Naila ikamwita kutoka nyuma, kwamba saa ya kumgeuza mama imefika na peke yake hawezi. Akaliacha duka wazi, akaingia.